Mifuko Miwili

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa choo cha nje,
maana mlango wa mbele mjumbe aliukuta wazi
na hakuna abandikaye karatasi hewani.
Linasema: kuanzia mwezi huu gari la taka halitapanda Mabatini juu.
Kana kwamba liliwahi kupanda.
Linasema: Jumanne, si Jumamosi tena,
mzigo uwe barabarani kabla ya saa kumi na mbili.
Linasema: mifuko miwili.
Mweusi wa vinavyooza, wa bluu wa visivyooza.
Ada, elfu moja iwe elfu mbili.
Muhuri umekaa juu ya neno "tunaomba",
hata halisomeki.

Sisi wa kwenye majabali tulikuwa na utaratibu wetu.
Uliitwa Nkwimba.
Alipita alfajiri na beseni, mia mbili kwa nyumba,
akashuka ubavu ubavu, pimbi wakimpisha.
Alijua nani kala sato na nani karudia dagaa,
nani kaanza tena kunywa,
binti wa nani hajatupa pedi mwezi wa pili huu.
Siri za mtaa mzima zilipita kichwani mwake,
juu ya kata,
hazikuingia ndani.

Kabla ya Nkwimba tulikuwa na korongo.
Lile la ardhi, mvua ikinyesha linakomba kila kitu
hadi Mirongo, na Mirongo hadi ziwani.
Na yule wa mabawa, juu ya paa la bucha,
kipara, koti limemning'inia,
kama karani anayehesabu siku za kustaafu.
Korongo likijaa, korongo anashiba.
Nasi tukachota maji kulekule,
tukachemsha, tukanyamaza.

Kwa hiyo sipingi tangazo.
Jumatatu usiku nimekaa sakafuni, kibatari kati ya mifuko.
Maganda ya ndizi: mweusi.
Chupa ya mafuta: bluu.
Uti wa mgongo wa sangara: mweusi,
ingawa uti ule utanizika.
Betri za redio: tangazo halisemi.
Kiatu cha Masalu: tangazo halisemi.
Cha kushoto. Cha kulia mbwa alikibeba
wiki ileile ya matanga, tukakimbizana naye
na kanga zetu za msiba mpaka darajani.
Juu ngozi, chini mpira wa tairi.
Ngozi huoza, mpira hauozi.
Mwenyewe naye yuko hivyohivyo:
nusu imekwenda,
nusu bado inakohoa pale kwenye kigoda.
Nikakitia kwenye bluu. Nikafunga kwa haraka,
kama mtu anayefunga mlango asiitwe.

Saa kumi na moja nashuka na tochi mdomoni.
Chini, pembeni mwa mtaro, kaketi Nkwimba,
beseni limefunikwa magotini.
Zabuni ilitaka mwenye gari.
Na chupa, ambazo alikuwa akiziuza kwa kilo,
vijana wa mkandarasi wamemkataza:
kilicho ndani ya bluu, mama, ni mali ya kampuni.
Tangu lini?
Tangu kifike barabarani.

Nikatazama miguu yangu.
Ilikuwa bado kwenye jiwe la mwisho,
lami iko mbele, hatua moja.
Nikamwambia, njoo hapa. Hapa bado ni kwangu.

Akaja. Akafungua, akapekua gizani
kwa vidole vinavyosoma kuliko macho:
chupa, chupa, ndoo iliyopasuka, chupa.
Kisha mkono ukasimama.
Akakitoa, akakipangusa kwa upindo wa kanga,
akanirudishia.
"Hiki umekosea," akasema,
akaendelea na chupa.

Nikapanda nacho kwapani, mapambazuko yakinifuata.
Kule juu nikageuka: mifuko myeusi imejipanga
kama watu wanaongoja zahanati ifunguliwe,
korongo wawili wakiikagua.

Gari lilifika saa tatu na nusu.