Hori

Mwalimu Lechipya hajawahi kuiona bahari.
Ameazima hori la ng'ombe kwa akina Chidawali,
akalisugua kwa majivu, akaweka jiwe katikati.
"Hiki kisiwa. Hapa kina ni mita elfu tatu.
Msicheke."

Maji ya kisima cha Bahi, yaleyale yanayokataa povu,
akayaongeza chumvi, akayalaza nje yapoe,
akayatia wekundu wa rozela.
Akayamimina ncha moja, polepole.
Yakapita chini ya maji ya vuguvugu
kama mgeni aliyeingilia uani.

Juu, pumba za uwele zikarudi zilikotoka.
Chini, wekundu ukasonga mbele.
Hori moja, safari mbili,
wala hazikuamkiana.

Halafu jiwe.
Nyuma yake maji yakajikunja, yakazunguka,
duara likakatika likaenda zake
na wekundu wake tumboni.

"Hili tuliiteje?" Kitabu hakikusema.
Nyemo akaelekeza kidole dirishani:
Agosti, uwanja wa gwaride,
vumbi limesimama wima, linatembea.
"Kisulisuli, mwalimu."
Akaliandika ubaoni, akalipigia mstari.

Jioni ng'ombe walirudi,
wakanywa kina chote,
wakabaki wanakilamba kisiwa.