Leo Sikuuzii

Umekuja tena, Kilahumba, kabla sijafagia kizingiti,
vumbi la stesheni mabegani, mia tano kiganjani.
"Magnesiamu, dada. Zile za kutafuna."

Nakijua kidonge chako, cheupe, ladha ya chaki na peremende.
Kinaiangukia asidi kama maji juu ya kaa:
fssss, mbeuo mmoja mrefu, unasema ahsante,
na kaa linawaka upya hata treni haijapiga honi.

Hapa Mwanga najua kazi ya kila kopo la rafu hii.
Juzi mama mmoja wa Gungu, mwanawe macho yamedidimia,
aliniomba dawa ya kufunga tumbo.
Nikamwambia, hiyo ni kufunga mlango na mwizi yumo ndani.
Nikampa pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini:
moja kwa lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa,
kijiko, pumzika, kijiko,
na zinki siku kumi, hata akianza kucheka.
Sukari humshika chumvi mkono, chumvi humvuta maji,
wanapita ukuta wa utumbo pamoja, kama wageni wa harusi moja.

Wewe ningekupa omeprazo.
Yenyewe haizimi kaa,
inamfuata mchochezi jikoni na kumfunga mikono.
Nusu saa kabla ya uji, ningesema,
si baada ya ugali na migebuka.
Ningesema hivyo, nipokee hela, nigeukie mwingine.

Lakini mgongo wako.
Madumu ya mawese, mawili mawili, miaka mingapi?
Na ile diklofenaki unayoimeza alfajiri kwa chai kavu
ndiyo inayokukwangua tumbo.
Nani alikuuzia?
Mkono huu. Karatasi hii hii ya kufungia.
Asubuhi nikuuzie moto, jioni nikuuzie maji.

"Choo chako kikoje?"
Ukatazama barabara. Bodaboda ikapita, ikapita nyingine.
"Cheusi," ukasema. "Kama lami. Lakini nguvu ninazo."

Midomo yako imepauka, Kilahumba.
Hiyo ni damu, imepikwa njiani.

Rudisha mia tano yako mfukoni.
"Dada, treni inaingia saa mbili."
Iingie. Wapo wengine wa kubeba.
Tunakwenda Maweni, mimi na wewe, sasa hivi;
nishikie kufuli hili nivae viatu.

Kopo nimeliacha wazi mezani.