Nguzo ya Tano

Saa kumi na moja jioni alianza kugonga,
Idwal, fundi bomba mstaafu wa kutoka Llanelli,
nyundo ya mpira, ko, ko, ko,
turubai la mistari ya buluu na manjano
likifunguka nguzo moja moja
mpaka ya nne, pembeni mwa hema lake.
Sawa. Haki yake. Upepo wa Penfro hauna adabu,
humvua mtu kofia na hausemi samahani.

Lakini akatoa ya tano.
Akapiga hatua mbili
(nilizihesabu, sufuria mkononi)
akaikita upande wetu,
kwenye majani tuliyoyalipia
pauni kumi na nane kwa usiku.

Bahari ilikuwepo. Sasa ikawa mistari.

Delyth akasema: muulize.
Nikasema: nitamuuliza.
Sikumuuliza. Sisi watu wa huku
tutamsalimia mtu asubuhi, adhuhuri na jioni,
tutaizungumza mvua hadi mvua yenyewe ichoke,
na kinyongo kimekwama kooni
kama mwiba wa samaki.

Maana kambi ina sheria zake, hazikuandikwa popote:
usikatize kwenye mahema ya watu ukienda kuoga,
usigonge kitu baada ya giza,
na kinga ya upepo ni nguo yako wewe,
usimvishe jirani
kabla hujampima.

Usiku nikatoka kwa kisingizio cha choo,
tochi mdomoni, nikaing'oa ile ya tano,
nikairudisha kwake.
Si hatua mbili, sikuthubutu.
Shibiri moja.
Nikalala usingizi wa mshindi.

Saa tisa upepo ukageuka, ukashuka kutoka kaskazini,
hema letu likaanza kuhema kama ng'ombe mgonjwa.
Na nje: ko, ko, ko.
Baada ya giza!
Nikafungua zipu, maneno yote tayari ulimini.

Idwal, ndani ya pajama na buti za mpira,
maji yakimchuruzika kwenye nyusi,
anaing'oa nguzo, anaisogeza,
ile shibiri, kisha hatua, kisha hatua nyingine,
ndani kabisa ya eneo letu,
mpaka turubai likasimama
kati ya upepo na pale alipolaza kichwa
binti yetu Mabli.

"Ilikuwa imesogea," akasema aliponiona.
"Shibiri moja hivi. Sungura, nadhani.
Sungura wa hapa wana hila."

Nikaishika nguzo. Yeye akagonga.
Hatukutazamana.

Jumamosi aliondoka kabla hatujaamka.
Pale palipokuwa na hema lake, majani yamegeuka manjano,
na matundu manne yamepangana,
na la tano huku kwetu, limejaa maji.
Mabli akalichomeka kidole hadi kwenye kifundo,
akauliza ni nyumba ya nani.

Ya sungura, nikamwambia.