Siku ya Mia Tatu Sitini na Nane

Imefika Tampere ndani ya boksi la mabuti,
imeviringishwa taulo lenye harufu ya sauna,
na karatasi ya daftari, kalamu ya risasi:
Taa nyekundu inawaka. Sikuiangusha.
Sikuimwagia kitu. Naitwa Eelis,
nina miaka kumi na mmoja.

Kompyuta yangu haimjui Eelis.
Inajua namba iliyo kitakoni, na tarehe:
siku mia tatu sitini na nane tangu inunuliwe.
Dhamana ni mwaka.

Marjut anapita na kahawa yake, anachungulia kioo.
"Imevuka. Euro mia na ishirini, au irudi ilivyo."
Hana roho mbaya, Marjut. Ana mkuu,
na mkuu ana jedwali.

Naifungua hata hivyo.
Muhuri haujaguswa. Kwenye feni, manyoya ya mbwa, meupe.
Na chini ya chipu, pale lehemu ilipopaswa kushika,
ufa.
Naujua. Wiki hii tumeamkiana mara arobaini na moja.
Kizuri hakikosi ila, sawa,
lakini ila hii haikutoka kwa mtoto:
ilizaliwa nayo kiwandani, ikanyamaza,
ikahesabu joto na baridi, joto na baridi,
mpaka mwaka uishe.

Nalikunja taulo niliweke kando
ndipo naliona doa: duara, rangi ya chai iliyoungua.
Aa, Eelis.
Nani alikwambia uifunike, uiwashe, uiache ijipike
hadi lehemu ilainike irudi mahali pake?
Ikaamka, bila shaka. Jioni moja, jioni mbili.
Ukaifunika tena.

Kumbe iliugua ndani ya mwaka.
Ulipaswa kuileta siku ileile, ikiwa bado ya kwao,
nawe ukaiuguza kwa siku zako mwenyewe
mpaka ikavuka mpaka.
Taulo ndilo shahidi wako,
na taulo ndilo litakalokufunga:
kifungu cha tisa, "kuipasha joto kwa makusudi."

Fomu inauliza: hitilafu ilianza lini?
Naandika, mia tatu sitini na nne.
Inauliza: dalili za matumizi mabaya?
Nasikiliza viatu vya Marjut vikirudi koridoni.
Naacha wazi.

Taulo nalitia mkobani, chini ya skafu.
Nimelifua mara mbili kwa maji ya moto.
Doa halijatoka.