Jini ya Maziwa

Mundhir kaja na chupa tupu kutoka hoteli ya Dubai,
kaiweka juu ya jokofu, hapa Saiq, mlimani.
"Jini ya maziwa," akasema.
Bi Ghania, mzaliwa wa Wete, akaacha kuchambua mawaridi:
"Jini wa maziwa? Kampanda nani?"

Tulicheka mpaka birika likafurika.

Akaelezwa: yale maji ya mtindi,
yale unayowamwagia mbuzi,
huko Ulaya huchachushwa, yakachemshwa,
mvuke ukakingwa,
yakatiwa tunda la mreteni.

Akachungulia dirishani. Mreteni ule pale, nyuma ya zizi,
mbuzi wanajikunia migongo.
Akalitazama jiko lake la udongo, sufuria ya shaba,
mvuke wa waridi unavyodondoka
tone,
tone.
"Kumbe vyote ninavyo," akasema, "ila dhambi."

Akaiosha ile chupa mara saba,
akainusa, akaosha ya nane,
akaijaza marashi.

Usiku nikamkuta jikoni, taa ya simu mkononi,
kizibo puani (kizibo hakukiosha),
kafumba macho
kama mtu anayetafuta jina
la mtu aliyemjua zamani.