Kilo Kumi na Saba

Hapa Wawi kazi yangu ni mzani.
Napima mikoba, napima na wenyewe,
maana ndege ndogo haifichwi kitu:
lazima ijue uzito wa kila mmoja
kabla haijaiacha mikarafuu chini.

Bi Mize binti Faki alifika kabla ya jua,
buibui la kupigwa pasi, kandambili mpya,
akakataa kupanda mzani mbele ya wanaume
mpaka nilipogeuza uso,
namba nikaisoma kwa kuibia.

"Shaame," kasema, "Bukoba mbali gani?"

Siku hiyo jibu nilikuwa nalo.
Nimelitafuta usiku kwenye simu,
nikavuta mstari nukta hadi nukta,
umenyooka kama uzi wa fundi mwashi:
kilometa mia tisa na themanini na kitu.
Ndege kubwa ingeumaliza kwa saa moja na nusu.

"Sikukuuliza hivyo.
Nnakuuliza: akinipigia Kidawa usiku
kwamba mtoto kashikwa na homa,
mie ntafika homa ikiwa wapi?"

Namba zangu zikakaa kitako.

Nikaanza upya, kwa vidole.
Dakika thelathini hadi Unguja,
chungu cha wali hakijakauka maji.
Ishirini hadi Dar, mkanda hujauzoea.
Saa na nusu hadi Mwanza.
Kisha ziwa, dakika arubaini, Bukoba.
Angani, Bi Mize, saa tatu tu.

"Na chini?"

Chini ndiko iliko safari.
Chini kuna viti vya chuma,
chai ya bei ya kuku,
viatu mkononi kama mwizi aliyeghairi,
na sauti ya mwanamke asiyeonekana
anayetangaza kuchelewa bila haya.
Ndege ikilala Mwanza, nawe utalala.
Mstari wangu wa usiku haukuwa na viti.

Mkoba ukasema kumi na saba.
Ruhusa kumi na tano.
Akaufungua palepale sakafuni:
chupa mbili za mafuta ya makonyo, za kumkanda mzazi,
kanga kuukuu sita, zimefuliwa mpaka zikawa ulimi,
kisha vya kwake:
viatu vya kutokea, baibui la pili,
sweta, maana kaambiwa kule kuna baridi.

Akatoa vya kwake.
Sweta akalishika kidogo.
Akalitoa nalo.

Kumi na nne na nusu.

"Nusu iliyobaki ya nani?"
Yako, nikamwambia. Rudisha sweta.
Akatoka nje, akarudi na halua, nusu kilo kamili.
"Mkwe naye ni mtu," kasema.
"Asije kusema nimekwenda mikono mitupu."

Ndege ikamchukua, ikawa nzi, ikawa hakuna.

Saa tatu usiku simu ikalia.
"Nimefika. Baridi hiyo, Shaame, usiniulize."
Nyuma yake kichanga kikaangua kilio,
na kilio kile kikanifikia Wawi
bila kupita Mwanza, bila kupita Dar,
bila mtu kukipima.

Sweta liko chini ya meza yangu.
Nimeliweka juu ya mzani: gramu mia nne na hamsini.
Ukimjua anayekwenda upande ule,
mkoba wake una nafasi kidogo,
mwambie apitie hapa,
aje mapema, kabla ya jua.