Usianzie Toleo la Kwanza

Weka kofia yako juu ya hita, Bi Sundquist, ikauke.
Umesema Emmett anazitaka zote, tena kwa mpangilio,
na jela haipokei kitabu kutoka mkononi mwa mama,
sharti kitoke dukani, kipya, kimefungwa.
Sawa. Nitazituma mimi.
Ila mpangilio upi?

Kuna watakaokwambia anzia la kwanza:
mtoto wa miaka kumi na miwili, suruali ya njano,
Cheche jina lake, daima nyuma ya bega la Radi,
kazi yake kubeba kamba
na kuuliza maswali ya kijinga
ili mkubwa apate la kujibu.
Matoleo thelathini na saba ya hivyo hivyo.
Mwanao atachoka kabla ya Pasaka.

Anzia sitini na tatu, lile la jalada jeusi.
Radi hayumo.
Yumo mwanamume jikoni kwa watu usiku,
ndevu za siku tatu, anakula mkate usio wake.
Mwenye nyumba anawasha taa: We nani?
Majivu, anasema.
Kisha kurasa nane bila neno hata moja,
wawili hao wanakula tu.

Hapo ndipo arudi nyuma, thelathini na nane.
Ghala linaungua. Radi anapasua paa na kutoka,
mkono huu kambeba meya,
mkono huu mkoba wa meya.
Mwambie ahesabu mikono.
Mimi nilihesabu nikiwa na miaka tisa,
nikamkimbilia baba uani, nikamwambia
mkoba angeuacha.
Baba akaegemea beleshi lake la theluji.
Hiyo ni katuni tu, Toivo.
Lakini alikiangalia kile kijitabu muda mrefu
kuliko mtu anavyoangalia katuni tu.

Sabini hadi themanini na mbili, aruke.
Ndiyo miaka ya koti la ngozi na bastola mbili,
kila ukurasa mkono wa mtu unavunjwa
nasi tunatakiwa tupige makofi.
Zinauzika sana, sikufichi; zililipa paa la duka hili.
Achukue moja tu, sabini na nne,
kwa sababu ya ukurasa wa kumi na tisa:
anafua shati kwenye sinki la kituo cha mafuta,
damu haitoki,
anamaliza sabuni yote ya watu
na kabla ya kuondoka anaacha sarafu tatu.

*Na yule mkubwa wake,* umeuliza, *alikwenda kumtafuta?*

Nimeinama chini ya kaunta kutafuta gundi ya karatasi
ambayo iko mbele yangu.
Duluth ni mji mdogo. Najua nani aliendesha gari usiku ule,
najua nani aliambiwa asubiri nje na kupiga mluzi,
na kwamba Royce hajakanyaga jela ile hata Krismasi.
Toleo la tisini, nimesema, Radi anapiga simu.
Inaita. Toleo linaishia hapo, simu inaita.
La tisini na moja halikuwahi kuchapwa.

Husemwa moto huzaa majivu,
na anayesema hukunja midomo
kana kwamba moto wenyewe haukuteketeza kitu.

La kwanza amalizie nalo.
Ndiyo, mwisho kabisa, baada ya yote.
Akifika ukurasa wa pili, pale kwenye ngazi za zimamoto,
suruali ya njano, meno mawili hayapo,
yule mtoto anaishika kamba na kusema:
Lete, nitabeba mimi.
Asome hapo polepole.

Dola arobaini na moja. Hapana, stempu ni juu yangu.
Kofia yako bado mbichi kidogo.
Ukitoka, shika ukuta, vidato vimeganda,
ingawa nimevimwagia majivu ya jiko tangu alfajiri;
kanyaga pale palipo na weusi,
hutateleza.